Shamba la Babu, Mwisho wa Reli

Ukiolewa na mtu wa Ujiji, mwenzangu, jiandae kula mawese na jiandae kusafiri. Mimi mtoto wa Temeke nilikuwa najua nchi inaishia Dodoma. Siku mchumba wangu aliponiambia twende nikawaone wazee wake, nikapanda treni Dar es Salaam nikiwa na viatu vya visigino na gazeti moja la kusoma njiani. Kilomita 1,254! Gazeti liliisha kabla ya Morogoro. Viatu nilivitia mfukoni Tabora na tangu siku hiyo sijawahi kuvivaa Kigoma.

Hiyo ilikuwa 2011. Leo ukitaka waweza kupanda treni ya umeme hadi Dodoma ukafika nywele hazijaharibika, au ukaruka na ndege moja kwa moja hadi Kigoma. Lakini nakushauri, walau mara moja katika maisha yako, nenda kwa reli ya zamani. Ile ya Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Unalala, unaamka, unanunua asali na karanga dirishani, unalala tena, unaamka na bado hujafika. Halafu ghafla milima inafunguka na ziwa linakutokea mbele kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Ndiyo maana watu wa huko wanasema mji wao ni mwisho wa reli. Wanasema kwa utani, ila na kwa majivuno kidogo.

Nimeamua kuandika makala hii kwa sababu kila nikihudhuria sherehe mtu mmoja lazima anivute pembeni. "Eti mna nyumba ya wageni Kigoma? Isiyo na umeme wa TANESCO? Inalipa?" Wengine wenu mna shamba la babu limelala huko Njombe au Bukoba, mnawaza mlifanye kitu, mnaogopa. Basi leo nitasema yote, pamoja na aibu yangu. Aibu nitaifikia, usiruke kurasa.

Shamba lenyewe liko kusini mwa Ujiji, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Kijiji sikitaji, mashangazi watanigombeza. Ukitoka Kigoma mjini unapita Mwanga, sokoni palipojaa dagaa na vitenge, unateremka mpaka Ujiji, na hapo lazima usimame.

Ujiji si mahali pa kupita tu. Misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikifikia hapa, ikivuka ziwa kwenda Kongo na kurudi, mwendo wa miezi kutoka Bagamoyo. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, mzee wa watu amechoka na kuishiwa dawa. Pana makumbusho ndogo na mnara, na miembe. Mwembe wenyewe walioukuta ulishakufa zamani, iliyopo sasa ni vizazi vyake. Mume wangu anapenda kuwaambia wageni kuwa watu wawili walipeana mikono chini ya mti na dunia nzima ikajua, ilhali waliobeba mizigo yao hakuna aliyeandika majina yao mnarani. Mimi huwa nanyamaza hapo. Bibi wa bibi yake alitoka ng'ambo, Manyema, na hakuna mtu katika ukoo anayesema wazi alivukaje.

Ujiji ya leo ni nyumba za udongo zenye mabaraza, akina mama wa Kimanyema na kanga zao, watoto wanatoka madrasa, na harufu ya mawese yanayochemka. Ukisalimia asubuhi "mwakeye" kwa Kiha utapata tabasamu, ukisalimia kwa Kiswahili utajibiwa Kiswahili kinachokuzidi. Hapo sidanganyi. Mwenye digrii ya mawasiliano nilisahihishwa ngeli na muuza maandazi.

Babu wa mume wangu alikuwa na michikichi, nyumba ya vyumba sita ya tofali mbichi, na ghala. Alipofariki, watoto wakatawanyika, na nyumba ikabaki na popo. Mwaka 2016 ukoo ulikaa ukaamua: mjukuu aliyeko Dar apewe aitunze, lakini shamba libaki la ukoo. Zingatia hapo. Hatukupewa mali, tulipewa kazi. Laiti ningelielewa hilo siku ile ningejiokoa na mengi.

Wazo la wageni tulilipata kwenye fungate yetu. Tulikwenda Unguja, na siku moja tukavuka kwenda Chumbe, kile kisiwa kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, na wageni wa kulala walianza kupokelewa 1998. Nyumba saba tu. Paa zake zinakinga mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Choo hakina maji kabisa, kinatengeneza mboji, na nilikikagua kwa pua yangu mwenyewe: hakinuki. Walinzi wa matumbawe walikuwa wavuvi wa maeneo hayo hayo, wakafundishwa. Wanafunzi wa Zanzibar wanaletwa kujifunza bila kulipa. Usiku taa ni kidogo kwa sababu ya kaa wa minazi. Mume wangu alizunguka kisiwa kizima akipima mapaa kwa macho. Fungate gani hiyo, jamani! Lakini tulipokuwa tunarudi kwenye boti akasema, "Nyumba ya babu ina paa kubwa kuliko haya."

Tukaanza 2017. Bajeti ilitoka kwenye akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kiwanja Kigamboni, na ndugu zangu wanatuona wendawazimu mpaka leo.

Kosa la kwanza: saruji. Fundi wetu wa kwanza alipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ikang'aa, nikapiga picha. Masika ilipopita plasta ikaanza kubanduka vipande vikubwa kama ugali uliokauka. Mzee mmoja jirani, fundi wa zamani, akaja akagonga ukuta kwa kidole akacheka. Ukuta wa udongo unapumua, akasema, ukiuvika saruji unatoa jasho ndani kwa ndani. Tukaibandua yote. Tukapiga udongo uliochanganywa na mchanga, juu yake chokaa. Nyumba hiyo ni baridi saa nane mchana bila feni. Kuezeka tulibaki na bati, maana nyasi hazikingi maji safi, na chini yake tukatandika dari ya matete.

Sasa maji. Hapa naomba utulie tufanye hesabu, maana wengi mnaanguka hapa. Mvua ya Kigoma kwa mwaka ni kama milimita 1,000, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 120, kwa hiyo kwenye karatasi tungekinga lita 120,000. Maneno ya karatasi! Matangi yetu yanabeba lita 30,000, mengine yanamwagikia kwenye migomba. Kiangazi kikavu kabisa ni kama siku 120. Gawanya: lita 250 kwa siku, nyumba nzima. Wageni wanane, lita 30 kila mmoja, imebaki lita kumi ya kusuuzia vikombe. Ndiyo maana mgeni wetu haogi bomba la mvua. Anaoga ndoo moja ya lita ishirini, ya moto akitaka, na kata. Tunaandika hivyo waziwazi tunapojibu maombi ya nafasi. Anayekataa tunamwelekeza hoteli za mjini, hatuna kinyongo.

Kwani ziwa si lipo hapo chini? Lipo, na ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, maji yake yako wazi mpaka unaona samaki wa rangi rangi wanavyogombana kwenye mawe. Lakini karibu na makazi ya watu kichocho kipo, na pampu inataka umeme. Tunayatumia kumwagilia na kufulia. Ya kunywa ni ya mvua, yamechemshwa.

Umeme wa jua tuliweka kiasi cha taa, simu, kompyuta moja na friji dogo la kuhifadhia chakula na, haya, bia za wageni. Pasi hakuna. Kikausha nywele hakuna, nimejifunza kusuka. Mjini Kigoma wenyewe waliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa, kwa hiyo hakuna aliyetushangaa kwa kukosa umeme. Walichoshangaa ni mtu wa Dar kulipa hela aje kuukosa.

Jiko linatumia maganda ya kokwa za chikichi. Hiki ndicho ninachojivunia kuliko vyote na hakikuwa wazo langu. Shangazi wa mume wangu ndiye msimamizi wa mawese: wanachemsha chikichi, wanakamua mafuta mekundu, kisha kokwa zinavunjwa kupata mise, na maganda magumu yanayobaki yanawaka kama mkaa. Mimi nilikuwa tayari nimeagiza majiko ya gesi. Akaniangalia tu. "Mke wetu," akasema, "mnaleta moto kutoka Dar?"

Choo kikavu ni cha mashimo mawili. Kimoja kinatumika, kingine kinapumzika mwaka mzima na majivu yake, halafu mbolea inakwenda kwenye michikichi, siyo kwenye mchicha. Sitaendelea, huenda unakula.

Tulifungua Julai 2019 na vyumba vinne. Wageni wa kwanza walikuwa wawili waliotoka Gombe na matope magotini. Chakula kilikuwa migebuka kwa mawese, ugali wa muhogo, na kisamvu. Usiku haukuwa na mwezi, na kwenye giza la mwezi ndipo wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao. Wageni walitoka barazani wakaona ziwa zima linawaka, mamia ya taa, wakaniuliza ule ni mji gani. Kongo? Nikawaambia siyo mji, ni kitoweo cha kesho. Nilijisikia mjanja sana.

Miezi minane baadaye dunia ikafungwa kwa corona. Sina haja ya kueleza, kila mmoja wenu ana lake.

Sasa aibu niliyoahidi.

Katikati ya shamba, kutoka barabarani mpaka ziwani, inapita njia. Nyembamba, imechimbika kwa miguu. Kila alfajiri akina mama na wasichana wanashuka nayo na ndoo na nguo, wanapanda na maji kichwani. Njia hiyo inapita hatua kumi kutoka chumba namba mbili, chenye baraza zuri kuliko vyote. Mwaka 2022 wageni walipoanza kurudi, mapacha wawili wa malalamiko yakaja pamoja. Wanandoa fulani kutoka Dar, watu wa aina yetu kabisa, waliniambia wameamshwa saa kumi na moja na vicheko. Na jamaa mmoja wa biashara ya utalii, ambaye angetuletea wageni wengi, akaniambia wazi: "Dada, faragha. Weka uzio, la sivyo huwezi kupandisha bei."

Mume wangu alikuwa Dar kikazi. Nikaweka uzio.

Haukuwa wa waya, nilijitetea hivyo baadaye. Ulikuwa wa matete, mzuri, wa kimazingira hata. Nikaweka na kibao cha mbao kuonyesha njia mbadala, kuzunguka kwa upande wa mawe. Mashangazi hawakusema kitu. Nami nikadhani kimya ni ruhusa, ilhali nimekaa na watu hawa zaidi ya miaka kumi na ninajua vizuri kimya chao ni nini.

Siku ya tisa msichana wa darasa la sita aliteleza kwenye mawe akiwa na ndoo kichwani. Akavunjika mkono.

Nilikimbia naye kwa bodaboda, tukiwa watatu, mama yake nyuma akimshikilia. Njiani hakuna aliyesema neno. Mama yule hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alipotoka kufungwa plasta yule binti akaniomba radhi kwa ajili ya ndoo iliyopasuka. Ndoo ilikuwa ya kwetu, tulikuwa tumeigawa wakati wa kufungua, na picha tulipiga.

Jioni ile nikampigia mume wangu. Kwenye gazeti hili huwa tunaandika kuhusu wanandoa kusikilizana, tunaweka na vidokezo kwenye visanduku vya rangi. Haya, sikutumia hata kidokezo kimoja. Nilimwambia ni ya kwake yote: shamba lake, ukoo wake, njia yao. Naye akaniambia neno ambalo sitaliandika. Tulikaa siku nne bila kuongea zaidi ya "umelipa mshahara?" na "nimelipa".

Siku ya tano shangazi akaja, akakaa kwenye mkeka, hakutaka kiti. Akanieleza kwamba babu alipopewa eneo lile na wazee, njia ilikuwepo. Alijenga pembeni yake kwa makusudi, ili anayepita amsalimie, na yeye ajue nani anaumwa na nani kajifungua. "Babu yenu hakuwa na redio," akasema. "Redio yake ilikuwa njia." Kisha akaongeza kwamba mkutano wa kijiji ni Jumamosi, niende mimi mwenyewe, siyo mume wangu.

Nikaenda. Nimeshawahi kusimama mbele ya mawaziri na kushika maiki bila kutetemeka, lakini siku ile chini ya mwembe miguu haikuwa yangu. Niliomba radhi kwa yule binti na mama yake, kisha kwa wote. Mzee mmoja akauliza, "Uzio utatoka lini?" Nikasema umeshatoka asubuhi. Akatikisa kichwa na kuuliza ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa mbuzi wanaoingia kwenye mihogo. Basi. Nilikuwa nimelia usiku kucha na jambo langu likachukua dakika kumi.

Nilikuwa nimesahau kitu nilichokisikia Gombe kwenye safari zetu za mwanzo. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960, na misitu nje ya hifadhi ilivyozidi kukatwa, taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyoizunguka. Mradi ulikuwa wa kurudisha miti. Lakini walijifunza kwanza kuuliza wanavijiji wanataka nini, na majibu yalikuwa afya, maji, shule, mikopo midogo. Sokwe waliingilia mlango huo. Goodall amefariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na mwaka huohuo mimi bado nilikuwa najifunza somo la miaka thelathini iliyopita, tena nikiwa na shahada ya kuwasiliana na watu.

Tulichobadilisha ni hiki. Baraza la chumba namba mbili tulilihamishia upande wa magharibi, linatazama ziwa na halitazami njia. Anayetaka kulala mpaka saa tatu anapewa chumba namba nne. Kila mgeni analipa kiasi fulani kwa usiku kinachokwenda kwenye mfuko wa kijiji, na hesabu yake inasomwa kwenye mkutano kwa sauti, na mhasibu siyo mimi wala mume wangu. Mara ya kwanza walinunua madawati. Mara ya pili waliamua kutengeneza ngazi za mawe pale ziwani, mahali alipoangukia yule binti. Mimi nilitaka maktaba. Hakuna aliyeniuliza, na ngazi zinatumika kila siku.

Jambo lingine ni ziwa lenyewe. Watu wa Dar tunafikiri ziwa linakaa mahali pamoja kama bwawa la kuogelea. Tanganyika ina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, ng'ambo kule karibu na Kalemie, kwa hiyo mvua zikizidi kwenye bonde lake maji hayana haraka ya kuondoka. Mwaka 2021 lilipanda likameza ufukwe wetu wote, na mwaka 2024 likapanda tena. Jiko la nje tulilojenga chini, karibu na maji kwa ajili ya mandhari, limo ndani ya ziwa sasa hivi. Samaki wadogo wa rangi ya bluu wanaishi kwenye mafiga.

Na hapo napo niliambiwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mume wangu alilijua hilo, mimi nikasema jiko la matete si la kudumu. Ziwa likakubaliana na mimi, likaliondoa. Nyumba ya babu iko juu sana, na miaka yote tulikuwa tunajiuliza kwa nini mzee alijichosha kujenga mbali hivyo na maji. Shangazi akakumbuka: nyumba ya kwanza ilikuwa chini. Miaka ile ya Uhuru mvua zilikuwa kubwa, ziwa likapanda, wakahamisha milango na mbao za paa kichwani mpaka huku juu.

Mwaka 2024 kulikuwa na lingine. Serikali ilisimamisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani ili samaki wazaliane. Julai ndiyo msimu wetu. Tulilisha wageni kuku, maharage na dagaa wakavu tuliowaweka akiba, na taa za usiku hazikuwepo. Mgeni mmoja alisikitika kwamba ameziona kwenye picha zetu. Nikamwonyesha vijana wanne waliokuwa wanapanga mawe kwenye mteremko ili udongo usitiririke. Hao ndio taa, nikamwambia. Walikuwa wavuvi, na miezi mitatu ile tuliwapa vibarua kadiri tulivyoweza, ambavyo havikutosha. Wawili walikwenda Kasulu kulima. Mmoja hakurudi ziwani hata uvuvi ulipofunguliwa.

Inalipa? Haya, jibu. Inalipa mishahara ya watu watano wa kijijini, ukarabati, na nauli zetu. Kiwanja cha Kigamboni bado hatuna. Betri za sola zinachoka, zile za kwanza tulizibadilisha baada ya miaka mitano na ziliuma. Kama unatafuta faida ya haraka weka hela yako kwingine, nakwambia kama dada. Na kama shamba ni la ukoo, kaeni kikao kabla ya kununua hata msumari, muandike, muende na kijijini. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, ya mwaka 1999, na ina wenyewe.

Kuhusu ndoa, mnaouliza hilo kwa ujumbe. Mwezi uliopita tulikuwa kule wawili, nafasi hazijajaa. Asubuhi nilikaa barazani na chai. Yule binti alipita njiani na ndoo, sasa yuko sekondari, kanizidi urefu. Akasimama, akanisalimia, akaniambia mama yake ana homa tangu jana. Nikaingia ndani kumwambia mume wangu, naye akaenda kuona.

Aliporudi tukaanza kubishana kuhusu chumba cha tano. Yeye anakitaka, mimi nasema maji hayatatosha, rudi kwenye lita 250 ukagawe upya. Akachukua kalamu, akasema tutaongeza tangi, litakaa pale palipo wazi nyuma ya ghala. Tukatoka wote wawili kwenda kupapima. Tukakuta shangazi ameshapanda viazi vitamu, matuta manne marefu, na ameweka mti wa kuzuia watu wasikanyage.